Uzi Uliofichwa Kwenye Zaburi

Kabla sijasimulia, niungame. Niliwahi kuhukumu watu watatu kwa kunyosha mkono, na wakati mkono wangu uko juu, akili yangu ilikuwa kwenye sufuria za pilau nyuma ya kanisa. Harufu ilikuwa inaingia dirishani, nami nilitaka mambo yaishe nikale. Nimemwomba Mungu anisamehe mara nyingi tu, lakini naona msamaha hauniingii sawasawa mpaka niwape watu kesi yenyewe waihukumu kwa akili zao zote. Basi nisikilizeni. Shule yangu iliishia darasa la saba. Nikikosea neno la muziki mnivumilie.

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme, ni zamani ya karibu ambayo wenyewe bado wanatembea, palikuwa na kanisa moja huko kwetu milimani, kwenye ukungu na mapea, na kanisa hilo lilikuwa na okestra. Msicheke. Wamisionari walipoondoka waliacha kasha lenye fidla kumi na mbili, na watu wa kwetu hawaachi kitu kikae bure. Mwalimu Yoeli aliwafundisha kwaya, akawafundisha tarumbeta, mwisho akawafundisha fidla. Wakapiga tenzi mpaka wakazizoea. Ndipo akawaletea nota za muziki wa Kiromantiki, ule wa Ulaya ya zamani, wa watu wanaopenda na kufiwa na kuagana, lakini haliimbwi neno hata moja. Yote yanasemwa na nyuzi.

Wapiga fidla walikaa kwa kufuatana na uwezo. Kiti cha kwanza alikaa Bwana Shekalaghe, seremala, mtu mrefu mwenye mikono kama makasia ya kusongea ugali wa harusi. Yeye alikuwa na fidla yake mwenyewe aliyoachiwa na baba yake, na hakuna aliyewahi kuishika, hata mkewe alikatazwa kuifuta vumbi. Kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango wa sakristia, chumba cha majoho, palipo na upepo, alikaa Frida.

Frida alikuwa mjane na fundi cherehani. Majoho yote ya kwaya yalipita mikononi mwake. Fidla alianza akiwa na miaka arobaini na mbili, mwaka uliofuata baada ya kumzika mumewe, na alisema mwenyewe kwamba bila fidla ile angekuwa anazungumza na cherehani. Lakini fidla haikuwa yake. Ilikuwa ya usharika. Na baraza lilikuwa limekwisha kukaa na kuamua: baada ya tamasha kubwa, fidla ya kiti cha mwisho irudishwe, apewe mwenye vidole vyepesi zaidi. Frida aliambiwa hivyo na Bwana Shekalaghe mlangoni mwa kanisa, kwa upole, kama mtu anavyoambiwa habari ya msiba.

Sasa sikilizeni habari ya uzi.

Fidla ina nyuzi nne, na mmoja ni mwembamba kuliko wote. Ndio unaolia juu kabisa, na ndio unaokatika upesi. Nyuzi za akiba zilikaa kwenye kabati la sakristia, na ufunguo ulikaa kwa Bwana Shekalaghe. Nyuzi mpya walifungiwa watu wa mbele. Zile walizozichosha watu wa mbele zilirudishwa nyuma, mpaka zikamfikia Frida.

"Bwana Shekalaghe," Frida alimwambia siku moja, "wa kwangu umechakaa. Nikiukaza nasikia unalalamika."

"Uzi mpya kwa mtu wa nyuma ni kupoteza, dada yangu. Nani atausikia?"

"Mimi nitausikia."

"Haya, tutaona," akasema, naye hakuona.

Wiki tatu kabla ya tamasha Frida alipeleka majoho sakristia. Akakuta kabati wazi na mtu hayupo. Uzi mwembamba ulibaki mmoja tu, ndani ya karatasi yake, ncha imeviringishwa hariri nyekundu. Frida akawaza uzi wake ukikatika mbele ya watu, akamsikia mtu akisema, Si mnaona, ndiyo maana tumeamua. Mkono ukaenda. Ukarudi na uzi.

Hakuufunga. Kila alipoitoa karatasi ile vidole vilimfa ganzi. Kuurudisha akashindwa, kabati lilikuwa limefungwa. Basi akauweka ndani ya Biblia yake, kwenye Zaburi, na tangu siku hiyo Zaburi hakuzisoma. Alisoma Waamuzi.

Siku ya tamasha ikafika, na mgeni akafika. Jina lake Bi. Kathure, Mmeru wa Kenya, mwembamba, mikono midogo kama ya msichana wa kipaimara. Alikuwa amesoma Ulaya na kupiga fidla mbele ya watu wakubwa, lakini alipanda mlima wetu kwa sababu Mwalimu Yoeli alimwandikia barua nne. Alishuka garini na fidla mbili. Gari likageuza, likateremka.

Asubuhi ile akawasimamisha wapiga fidla wote, akafungua kasha la pili. Ndani mlikuwa na fidla mpya, rangi ya asali, bado haijafungwa nyuzi.

"Hii si yangu," akasema. "Fundi aliyenitengenezea yangu ametengeneza na hii, akaniambia niiache mahali ambapo itapigwa. Itabaki hapa, na haitakuwa ya kanisa. Itakuwa ya mtu mmoja. Nitampa yule atakayenibeba leo mpaka muziki uishe."

Frida akaitazama fidla ile, akaelewa jambo moja tu. Mwenye kuipata hatanyang'anywa kiti na baraza lolote.

Kisha mgeni akajipapasa, akatazama huku na huku. "Ngoja. Kibegi changu kidogo kiko wapi? Kile cha nyuzi."

Kilikuwa ndani ya gari, na gari lilikuwa limeshafika bondeni.

"Usiwe na wasiwasi, Bi. Kathure," akasema Bwana Shekalaghe. "Tunayo akiba. Uzi mwembamba upo mmoja, mpya kabisa." Akafungua kabati mbele ya watu wote. Akainua kopo la nta, akainua nota za zamani, akapitisha mkono nyuma. 

"Kuna mtu ameuchukua," akasema bila kugeuka. "Nauliza. Nani ameuchukua uzi?"

Watu wakatazamana. Frida alikuwa ameishika Biblia kwa mikono miwili.  Akaibana kwapani.

"Hakuna shida," akasema mgeni. "Wa kwangu nimeufunga juzi. Utanifikisha."

Mwalimu Yoeli alikuwa mtu wa tahadhari, akawakumbusha desturi ya okestra. Uzi wa mgeni ukikatika katikati ya muziki, hakuna kusimama. Mgeni anachukua fidla ya kiti cha kwanza. Wa kwanza anachukua ya wa pili, wa pili ya wa tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho, na fidla iliyokatika uzi inapitishwa nyuma kwa mtu wa mwisho. Yule wa mwisho anakaa kimya, amepakata fidla isiyolia. "Kumbukeni maneno manne," akasema. "Nzima mbele, mbovu nyuma."

Wakarudia wote: nzima mbele, mbovu nyuma. Frida naye akarudia. Aliyajua maneno hayo kabla hayajafundishwa.

Saa tisa alasiri kanisa lilijaa mpaka ngazi za mnara. Mzee wa zamu siku ile alikuwa Mzee Kaniki, aliyekaa kiti cha pembeni mbele kabisa, fimbo katikati ya magoti. Kule kwetu iko desturi: mtu akisimama madhabahuni akainamisha kichwa, mzee wa zamu anawainua watu kwa sala. Haulizwi, haambiwi. Ndiyo kazi yake. Ishikeni hiyo.

Mgeni akaanza. Muziki wenyewe ulikuwa wa sehemu tatu: ya kwanza ya haraka, ya pili ya polepole, ya tatu ya haraka kupita zote. Wenzake Frida walitazama nota. Frida alitazama uzi. Kutoka nyuma aliuona unameta kila mgeni alipogeuka. Ukipanda juu, Frida aliacha kupumua. Ukishuka, alipumua. Chini ya kiti chake ilikuwa Biblia, na kila alipokanyaga sakafu kufuata mdundo kisigino kiliigusa.

Ukungu uliingia kwa mlango wa sakristia. Baridi ikaja nao, na nyuzi hazipendi baridi.

Zilikuwa zimebaki kurasa mbili sehemu ya kwanza iishe. Mgeni akapanda juu, akapanda tena, na uzi ukasema tak, kama kijiti cha mwanzi.

Bi. Kathure hakusimama. Akageuka, akanyosha mkono, na mbele ya macho ya mkewe na ya usharika mzima Bwana Shekalaghe akampa fidla ya baba yake. Hakusita hata kidogo. Shekalaghe akachukua ya wa pili. Wa pili akachukua ya wa tatu. Wa tatu akachukua ya wa nne. Nzima mbele, mbovu nyuma. Fidla ya mgeni ikapita mkono kwa mkono, uzi wake uliokatika ukining'inia, mpaka kwa Bwana Hoza aliyekaa mbele ya Frida. Hoza akachukua ya Frida, akamwachia ile mapajani, akamnong'oneza, "Pokea mgonjwa wako."

Frida akaipokea kama mtu anavyopokea samansi ya mahakamani.

Sehemu ya kwanza ikaisha, na kabla watu hawajapiga makofi mgeni akainua kiganja kuwazuia. Kuna jambo. Fidla ya Shekalaghe ilikuwa imeongezwa ubao shingoni. Mwenyewe aliiongeza kiseremala, itoshe mkono wake. Vidole vya Bi. Kathure havikuizunguka. Kurasa mbili alizipiga kwa maumivu. Sehemu ya polepole labda angeweza. Ile ya tatu asingeweza kabisa, na fidla za kasha la wamisionari zilikuwa hafifu mno kwa sehemu hiyo; Mwalimu Yoeli aliliona hilo usoni pake. Bi. Kathure akasimama kando ya madhabahu, fidla ile kubwa kifuani, akainamisha kichwa na kufumba macho, anafikiri aseme nini kwa watu waliotoka vijiji vya mbali kwa miguu.

Mzee Kaniki akakiona kichwa kilichoinama. Akajiinua kwa fimbo yake.

"Wapendwa, mgeni wetu anaomba. Tusimame tuombe naye."

Kanisa zima likasimama. Kanisa zima likafumba macho. Mwalimu Yoeli na fimbo yake ya kuongozea, naye akasimama na kufumba, angefanya nini?

Frida peke yake alibaki na macho wazi. Mbele yake ukuta wa migongo, mapajani fidla ya mgeni, chini ya kiti Zaburi. Alijua kwamba akiutoa uzi ule, ncha yake nyekundu itamtaja. Alijua pia kwamba akikaa kimya, amepakata fidla isiyolia, hakuna atakayemlaumu, maana mtu wa mwisho ndivyo anavyotakiwa kukaa. Mzee Kaniki alikuwa ameshawaombea wasafiri, ameshawaombea wenye mamlaka. Sala ikikaribia mwisho sauti yake hushuka, na sasa ilikuwa inashuka.

Frida akainama, akafungua Zaburi.

Vidole vyake ni vya kutunga uzi kwenye sindano, basi siku hiyo ndipo vilipojua kwa nini viliumbwa hivyo. Akaung'oa uliokatika, akapachika ncha nyekundu, akauzungusha kwenye kigingi, akaukaza taratibu. Uzi mpya unalegea kila ukikazwa. Akakaza, ukalegea. Akakaza, ukalegea. Sauti ya Mzee Kaniki ilikuwa karibu kugusa amina, mara ikapanda tena. Akaomba kwa ajili ya wagonjwa, akawataja kwa majina na hospitali walizolazwa. Akaomba kwa ajili ya viazi, na ukungu wa viazi. Akaomba kwa ajili ya barabara ya kuteremkia, kona kwa kona. Frida akaweka sikio juu ya ubao, akaugusa uzi kwa ukucha. Ukalia sawa.

Akamgusa Hoza mgongoni. Hoza akafumbua macho, akaona, akaipokea bila neno, akamgusa aliye mbele yake. Fidla ikarudi kwa njia ile ile, mkono kwa mkono, na kila mmoja akarudishiwa ya kwake, mpaka Bwana Shekalaghe akaiweka mkononi mwa mgeni, naye akachukua ya baba yake.

"Amina," akasema Mzee Kaniki.

"Amina," likasema kanisa. Likaketi.

Sehemu ya polepole ilipigwa. Mimi mwenyewe nilimwona mwenye duka la mbolea akilia, mtu asiyekopesha hata mjane. Sehemu ya tatu ikapigwa. Uzi ukalegea kidogo mara mbili, mgeni akaukaza huku anapiga. Haukukatika.

Makofi yalipokwisha Bi. Kathure hakuondoka. Akaisogeza fidla yake kwenye mwanga, akaitazama ncha ya uzi.

"Nani ameniwekea uzi huu?"

Bwana Shekalaghe alikuwa ameshaiona hariri nyekundu. "Huo ni uzi wa kabati," akasema polepole.

Frida akasimama.  "Ni mimi. Nilikuwa nao tangu wiki tatu zilizopita. Asubuhi ulipouliza, Bwana Shekalaghe, nilikuwa nao mkononi, kwenye Biblia. Niliuiba." Akataka kukaa, akakumbuka jambo, akasimama tena. "Na sikuomba na nyinyi. Mlipokuwa mnaomba mimi nilikuwa nafunga uzi. Nisameheni na hilo."

 Bi. Kathure akaifungua fidla rangi ya asali, akaiweka juu ya kiti mbele ya watu. "Nilisema nitampa aliyenibeba," akasema. "Mimi sijui ni nani. Semeni wenyewe."

Bwana Shekalaghe akasimama wa kwanza. "Mimi sipendi kujisifu. Lakini fidla ya baba yangu haijashikwa na mtu miaka ishirini na saba, na leo nimeitoa kabla hujamaliza kugeuka. Ningesita kidogo tu, muziki ungekatika pale pale. Nimekubeba."

"Hiyo ni desturi, bwana," Hoza akamjibu. "Mwalimu alitufundisha sote. Na ulimpa fidla yenye shingo ya ng'ombe."

Watu wakacheka. Shekalaghe hakucheka. "Desturi kuijua na kuifanya ni mambo mawili, Hoza. Wewe ulitoa ya nani? Ulitoa ya kanisa."

Mzee Kaniki akagonga fimbo. "Na mimi nina neno. Nilidhani binti anaomba. Nilikosea, sidanganyi. Lakini kwenye sala, Mungu anirehemu, nilifumbua jicho moja."

"Mzee wangu," akasema Mwalimu Yoeli.

"Jicho moja tu. Nikamwona Frida anahangaika na uzi. Nilikuwa nimeshafika mwisho, nikaongeza wagonjwa. Nikaona bado, nikaongeza viazi. Ile barabara niliiomba kwa makusudi kabisa. Bila sala yangu angefunga saa ngapi? Nimekubeba."

"Viazi vya nini kwenye tamasha?" akauliza mtu wa nyuma.

"Wewe umelima mahindi, nyamaza."

Ikawa zamu ya Frida. Hoza akasema badala yake. "Kati yetu wote ni huyu peke yake aliyejua kwamba akifanya jema ataaibika. Bwana Shekalaghe alitoa fidla, akarudishiwa. Mzee alitoa sala, nazo hazimwishii. Huyu ametoa jina lake, na fidla ya kiti cha mwisho inarudishwa wiki hii. Akitoka hapa mikono mitupu, ametoka kwenye okestra moja kwa moja."

"Asingeiba," Shekalaghe akajibu, "mgeni angekuwa na uzi wake mfukoni tangu asubuhi."

"Angekuwa nao mfukoni," akauliza Hoza, "angeufunga saa ngapi? Na ungemgawia uzi alipokuomba, angeiba nini?"

Shekalaghe akatazama ufunguo uliokuwa mkandani mwake.

Mwalimu Yoeli akasema watu wanyoshe mikono. Wakamnyoshea Shekalaghe. Wakamnyoshea Mzee Kaniki. Wakamnyoshea Frida, naye Frida alikuwa ameinamisha kichwa, na safari hii hakuna aliyesimama kuomba. Wawili wakalingana mkono kwa mkono. Mwalimu akahesabu tena, akasema, "Yuko mmoja hajanyosha. Yule pale wa dirishani."

Nilikuwa mimi. Nilikuwa nasikiliza miiko ikigonga sufuria. Mwalimu akaita tena jina la mmoja, aliyekaa mbele yangu akanyosha, nami nikanyosha nyuma yake. Fidla ikainuliwa kutoka kwenye kiti, nikatoka nje kula.

Sitawaambia alipewa nani. Nikisema mtafuata mkono wangu, na mkono wangu haukuwa na macho. Nawaomba kitu kimoja tu. Mwenye njaa ale kwanza. Kisha kila mtu anijibu bila kumtazama jirani yake: Shekalaghe aliyetoa cha baba yake, Mzee Kaniki aliyekosea kisha akaongeza kwa makusudi, na Frida aliyeuficha uzi kisha akaufunga. Je, nani alistahili fidla ile?